Vigunduzi vya mwanga wa kale: vinapimwaje kabla ya kwenda kazini?

Wadau, mliokua na TV za antena mnazikumbuka zile chenga zilizokuwa zikijaa kwenye skrini stesheni ikifunga matangazo. Sehemu ndogo ya chenga zile ilitoka mbali kweli: ni masalia ya mwanga wa tangu ulimwengu ukiwa na miaka kama 380,000. Arno Penzias na Robert Wilson waliyanasa New Jersey, Marekani, mwaka 1964, na mwaka 1978 wakapewa Nobel.

Leo masalia hayo yana joto la Kelvini 2.7 tu, yaani nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Wanasayansi wanatafuta ndani yake tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya milioni. Si mchezo!

Wanatumia metali iliyo supakondakta, yaani ikipoa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Inawekwa pale pale mpakani: joto likizidi kidogo tu, ukinzani unapanda ghafla.

Sasa zinapimwaje? Chukua BICEP2, darubini iliyotazama anga kutoka Ncha ya Kusini mwaka 2010 hadi 2012 ikiwa na vigunduzi 512. Kule msimu wa baridi ndege za kawaida haziendi kwa miezi mingi, kwa hiyo kasoro lazima ijulikane mapema. Tatizo ni kwamba kigunduzi cha anga baridi kikiletwa kwenye joto la maabara kinazidiwa. Ndiyo maana kila kimoja kilipewa metali mbili: titani, inayogeuka kwenye nusu Kelvini hivi, kwa ajili ya anga, na alumini, inayogeuka kwenye Kelvini 1.2 hivi, kwa ajili ya majaribio.

Kinaonyeshwa kitu chenye joto la chumba, halafu kilicholowekwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Tofauti ya majibu inaonyesha ni kiasi gani cha mwanga kinanaswa.

Machi 2014 timu ilitangaza kuona alama ya mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 2015, data zilipounganishwa na za satelaiti ya Planck, ikaonekana vumbi la galaksi yetu linaeleza sehemu kubwa ya alama ile. Kumbe vigunduzi vilikuwa sawa! Ila vilitazama masafa mamoja tu, gigahezi 150, na hapo vumbi halijitengi. Darubini zilizofuata zikaongeza masafa mengine.

Mnasemaje wadau?