Hoi An

Hoi An (kwa Kivietinamu: Hội An) ni mji wa kihistoria katikati ya Vietnam, kando ya Mto Thu Bon, karibu na mahali unapoingia baharini. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 19 ulikuwa bandari ya biashara ya hariri na kauri. Wazungu waliuita Faifo. Wafanyabiashara Wachina na Wajapani walilowea humo, na alama zao zingalipo: kumbi za jumuiya za Wachina, nyumba za mbao zenye duka upande wa mbele, na Daraja la Wajapani lenye paa, ambalo picha yake imo kwenye noti ya dong 20,000. Mto ulipojaa mchanga, biashara ilihamia Da Nang na mji ukadorora; kudorora huko ndiko hasa kulikouepusha na ujenzi mpya. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999.

Chakula chake mashuhuri ni *cao lau*, tambi nene za mchele. Kwa jadi mchele hulowekwa katika maji ya majivu, na maji yenyewe yalichotwa kutoka kisima cha Ba Le; tambi hutoka na rangi ya hudhurungi na ugumu kidogo. Juu huwekwa vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, mchuzi kiasi cha kulowesha tu, na mboga za majani kutoka kijiji cha Tra Que.

Mafuriko ya Oktoba na Novemba hufunika mara kwa mara mitaa iliyo karibu na mto.