Kalenda ya Faida na Kalenda ya Usalama

Historia ya kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, Marekani, yatufundisha nani hupanga ratiba ya mitambo chini ya ubepari. Mwaka 2001 wakaguzi wa serikali walitaka kifuniko cha kinu kichunguzwe nyufa ifikapo Desemba 31. Kampuni ilitaka kungoja zamu ya kujaza fueli. Ikaongezewa muda hadi Februari 16, 2002. Machi iligunduliwa kwamba asidi ya boroni imekula chuma chenye unene wa inchi 6, ikabaki bitana nyembamba tu. Kifuniko kilibadilishwa, na kinu hakikuwashwa hadi 2004. Kinu kilisimama kwa takriban miaka miwili.

Kwa hiyo tunasema: kupanga siku ya kubadilisha mitambo ni suala la siasa, si la ufundi peke yake. Mwenye mali huhesabu hasara ya kuzima. Umma hubeba hatari ya kuchelewa.