Kabla ya kusoma, skana inapashwa kujua ni fomu gani

Kila mwezi vituo vya afya vinatuma rapoti zao ku biro kuu ya zoni ya afya. Huko namba zinaingizwa kwa mkono mu DHIS2, programu ambayo wizara ya afya ya Kongo inatumia. Kuko programu za skana zenye kusoma karatasi zenyewe, lakini kwanza zinapashwa kutambua ni fomu gani imeingia. Kazi hiyo inafanywa na sehemu ya utambulisho.

Mutu anayetayarisha programu anapitisha fomu tupu mu skana, kwa nukta 300 kwa inchi, kisha anachora kiboksi juu ya kitu ambacho kiko kwa fomu ile peke yake. Neno "Rapoti" halifai, juu liko kwa karatasi zote. Namba ya fomu inafaa. QR inafaa zaidi: iligunduliwa Japani mwaka 1994, na ikichapishwa kwa kiwango chake cha juu inasomeka hata kama karibu 30% yake imechafuka. Kiboksi kiachiwe nafasi kidogo pembeni, maana karatasi inateleza milimeta chache ikipita. Kisikaribie pahali pa muhuri. Wino wa muhuri ndio unaharibu zaidi, na kila mukubwa anagonga wake pahali anapopenda.

Hatari kubwa iko kwa fomu zenye zimebadilishwa. Mustari moja ukiongezwa juu, kijijini fomu za zamani zingali kwenye kabati, na kichwa ni kile kile. Kama namba ya toleo haimo mu sehemu ya utambulisho, programu inasoma mustari wa malaria kama wa kuhara, bila kulalamika. Zoni inaweza kuomba dawa ambazo haina lazima nazo, na zile za malaria zikakosekana.

Kwa hiyo kila toleo linapewa namba yake, na fomu ambayo programu ina mashaka nayo inatumwa pembeni ili mutu aiangalie kwa macho. Kiwango cha mashaka kiwekwe kikali mwanzoni, hata kama kazi inaongezeka.

Majaribio yasifanywe na fomu safi tu. Zitiwe pia zilizokunjwa, zilizogeuzwa kichwa chini, na fotokopi za barabarani, zile zenye zinapunguza ukubwa wa karatasi kidogo na kusogeza kila kitu.