Mahali pa Kina

Kwa miaka mingi niliwapima washairi wa hip-hop kwa karatasi. Nikipata maneno yao yaliyonakiliwa, nilitafuta vina na tamathali, na nilipovikosa nilitoa hukumu. Mashabiki wengi hufanya vivyo hivyo hata leo: huhesabu mafumbo, hulinganisha msamiati, kisha humtawaza bingwa wao. Kosa langu nililitambua siku nilipojaribu kumtafsiri Rakim. Maana zote nilizipata, na vina pia. Nilipoighani tafsiri hiyo juu ya ngoma ya wimbo wenyewe, ikajikwaa tangu mshororo wa kwanza.

Yafaa turudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, huko Bronx, New York, Kool Herc alipiga santuri katika hafla ya dada yake, na swahiba wake Coke La Rock akashika kipaza sauti. Hakughani shairi, aliita majina ya marafiki na kuwachangamsha wachezaji. Neno, basi, lilianza likiwa mtumishi wa ngoma. Hata Sugarhill Gang walipotoa “Rapper’s Delight” mwaka 1979, kina kwa kawaida kilingoja mwisho wa mshororo, mahali ambapo kila sikio lilikitazamia.

Rakim, kijana wa Wyandanch, Long Island, alikuwa mpiga saksafoni na msikilizaji mkubwa wa John Coltrane. Katika “Paid in Full”, albamu aliyoitoa na Eric B. mwaka 1987, hakupaza sauti kama wengi wa wenzake. Alisema kwa utulivu, na utulivu huo ulimwachia pumzi. Kina alikitia katikati, akakirudia kabla hakijatarajiwa, sentensi ikavuka pigo la mwisho na kutua ndani ya mshororo unaofuata. Sisi nasi tuna kina cha kati, lakini katika shairi letu la mizani 16 makao yake ni mizani ya 8, na kila mtu anayajua. Kwa Rakim, kule kuhamisha makao ndiko kulikokuwa ufundi.

Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Yale kilichapisha “The Anthology of Rap”. Ni kitabu chenye manufaa, ingawa kililaumiwa kwa makosa ya unukuzi. Mimi naona upungufu mwingine: ukurasa hauonyeshi pumzi ilivutwa wapi. Kendrick Lamar alipopewa tuzo ya Pulitzer mwaka 2018 kwa albamu yake “DAMN.”, alipewa katika fungu la muziki. Nadhani waamuzi walilenga.

Sisi wa pwani tulipaswa kulijua hili mapema. Tenzi zetu ziliimbwa kwa mahadhi kabla ya kupigwa chapa, na bado tunao wanafunzi wanaohesabu mizani kwa vidole ambao hawajapata kusikia utenzi ukighaniwa.

Tafsiri yangu ingali katika daftari. Nimefuta vina viwili, na mahali anapovuta pumzi nimeacha nafasi tupu.