Meja mmoja, washtakiwa 63

Tarehe 1 Novemba 1917, katika kanisa dogo ndani ya kambi ya Fort Sam Houston, Texas, waliketishwa askari weusi 63 wa Batalioni ya 3, Rejimenti ya 24 ya Askari wa Miguu. Mashtaka yao yalikuwa uasi wakati wa vita na mauaji, yaani mashtaka ya kitanzi. Mtetezi wao alikuwa mmoja, Meja Harry Grier. Aliwahi kufundisha sheria katika chuo cha kijeshi cha West Point, lakini hakuwa wakili. Alipewa wiki mbili hivi kujiandaa.

Piga hesabu mwenyewe. Siku kumi na nne, watu sitini na watatu. Hata angekesha, kila mshtakiwa angepata saa chache tu za kueleza alikuwa wapi usiku ule.

Usiku wenyewe ulikuwa wa tarehe 23 Agosti, mjini Houston. Mchana wake polisi walikuwa wamemtoa mwanamke mweusi, Sara Travers, nyumbani kwake kwa nguvu. Askari aliyejaribu kuingilia kati akapigwa na kukamatwa. Koplo Charles Baltimore alipokwenda kuulizia, naye akapigwa, akafyatuliwa risasi, akawekwa ndani. Kambini zikafika habari kwamba ameuawa. Hakuwa ameuawa, ila jioni ikasikika sauti kwamba wazungu wenye silaha wanakuja, na zaidi ya askari mia moja wakachukua bunduki wakaingia mjini. Kulipokucha, watu wapatao 19 walikuwa wamekufa au wamejeruhiwa vibaya wasipone, wengi wao wazungu, polisi wakiwamo. Damu hiyo ilimwagika kweli, na ndugu wa marehemu walikuwa na haki ya kuuliza nani aliimwaga.

Swali hilo hasa ndilo lililokosa jibu. Kulikuwa na giza na mvua. Raia walioshuhudia hawakuweza kumtofautisha askari mmoja na mwingine. Upande wa mashtaka ukaegemea askari wachache walioahidiwa kutoshtakiwa wakisema. Hapo ndipo ubovu wa kumpa mtetezi mmoja watu wote unapoonekana. Askari akisema, “Mimi nilibaki kambini, aliyetoka ni fulani,” huyo fulani naye ni mteja wa Grier. Kumwokoa mmoja ni kumsukuma mwingine kwenye mti. Wakili yeyote wa leo angejitoa kwa sababu hiyo peke yake.

Kesi ilikwisha mwisho wa Novemba. Watano waliachiwa. Kumi na watatu, Baltimore akiwa mmoja wao, walihukumiwa kifo. Sheria za wakati wa vita zilimruhusu kamanda wa eneo, Jenerali John Ruckman, kuthibitisha hukumu yeye mwenyewe, bila kupeleka jalada Washington. Akathibitisha. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba wahandisi wa jeshi walijenga jukwaa la kunyongea karibu na kijito cha Salado. Askari Thomas Hawkins alimwandikia mama yake kwamba hana hatia. Alfajiri wote kumi na watatu wakanyongwa kwa pamoja. Taifa lilipata habari baadaye. Rufaa ingeandikwa saa ngapi?

Zikafuata kesi mbili zaidi. Kwa jumla walitiwa hatiani askari 110 na kunyongwa 19. Lakini Januari 1918 ilitoka amri kwamba hukumu ya kifo isitekelezwe kabla wanasheria wa jeshi hawajalipitia jalada. Rais Wilson akawapunguzia adhabu kumi kati ya 16 waliohukumiwa kufa katika kesi hizo mbili. Mwaka 1920 bodi za mapitio ziliingizwa katika sheria, na sheria ya kijeshi ya 1950 ikadai mtetezi katika mahakama kuu ya kijeshi awe mwanasheria aliyehitimu. Askari wa Marekani anayeshtakiwa leo ananufaika na kitanzi cha Salado, ajue asijue.

Wale 13 walizikwa papo hapo, kila mmoja na chupa ya soda yenye karatasi ya jina lake. Mwaka 1937 walihamishiwa makaburi ya taifa ya San Antonio. Novemba 2023 jeshi lilifuta hukumu zote 110. Mawe ya makaburi yao, yaliyokuwa na jina na tarehe ya kufa tu, yakabadilishwa. Sasa yana vyeo vyao.