Kwaya ya mji wa sufu: historia fupi ya Huddersfield Choral Society

Tarehe 7 Juni 1836, watu 16 walikutana katika kilabu cha pombe kiitwacho Plough, mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, wakakubaliana kuanzisha kwaya. Mji huo ulikuwa ukiishi kwa viwanda vya nguo za sufu, na Jumapili watu wake waliimba makanisani mwao. Kwaya za kanisa, basi, hawakuzikosa. Walichokuwa na kiu nacho ni kazi kubwa za watunzi Handel na Haydn, zile oratorio, yaani kazi za kwaya na okestra zenye kisa cha dini, za saa mbili au tatu ambazo kanisa dogo la mtaani halina waimbaji wa kuzitosheleza. Ilibidi watu wa makanisa tofauti wakae benchi moja.

Kanuni zao za mwanzo zinafurahisha kuzisoma. Walikutana mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa, mwezi unapokuwa mpevu au unapokaribia, ili wanaotoka vijiji vya milimani wapate mbalamwezi ya kurudia nyumbani. Kila mwanachama alikuwa na haki ya kupewa bia, mkate na jibini. Kwa masharti hayo, nani angekosa mazoezi?

Lakini mlango haukuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1842 iliongezwa kanuni ya kumzuia uanachama yeyote anayehudhuria Hall of Science, ukumbi wa wafuasi wa mjamaa Robert Owen, au mkutano wowote wa kijamaa. Msomaji aliyekulia enzi za Azimio la Arusha lazima acheke, maana kwetu kwaya ndizo zilizouimba Ujamaa hadi vijijini. Huko Huddersfield mwimbaji mzuri angeweza kufungiwa nje kwa sababu ya siasa zake. Hilo ni doa, na historia ya kwaya hii isiyoitaja ni pungufu.

Kwa upande wa kazi na kipato, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti. Sauti iliyovuma kuliko zote katika miongo ile ilikuwa ya Susan Sunderland, binti wa Brighouse, mji wa jirani. Aliyemfundisha kuimba alikuwa mhunzi, na aliyemuoa alikuwa muuza nyama. Mama huyu alifika hadi kuimba mbele ya Malkia Victoria. Alistaafu mwaka 1864, na mashindano ya muziki yaliyoanzishwa Huddersfield mwaka 1889 yanaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Kisha akaja Henry Coward, aliyeiongoza kwaya kuanzia 1901 hadi 1932. Ujana wake aliuanza akiwa mwanagenzi wa kutengeneza visu huko Sheffield, na nota alizisoma kwa njia ya tonic sol-fa: do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi za kawaida badala ya vidoa juu ya mistari mitano. Mwanzilishi wa njia hiyo alikuwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuieneza tangu miaka ya 1840. Haikuhitaji piano wala ada ya mwalimu wa nyumbani, kwa hiyo mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuimba Handel kwa kusoma. Naamini sol-fa ilifungua milango ya kwaya kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa. Wamisionari waliileta Afrika, na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliitumia kuandika, mwaka 1897, wimbo ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Ingia katika mazoezi ya kwaya ya kanisa Arusha au Kisumu, utaikuta ubaoni.

Kwa miaka 100 yake, kwaya ilijizawadia kazi mpya: Ralph Vaughan Williams aliiandikia *Dona Nobis Pacem*, ombi la amani lililoimbwa mara ya kwanza katika ukumbi wa mji tarehe 2 Oktoba 1936. Miaka mitatu baadaye vita vikaanza. Malcolm Sargent, kiongozi wake kuanzia 1932 hadi 1967, ndiye aliyeifikisha kwenye santuri na kuipa jina duniani.

Leo ina waimbaji wapatao 200, na *Messiah* ya Handel huimbwa kila Krismasi. Haiulizi tena unahudhuria mkutano wa nani. Inachopima ni sauti, na wengine hushindwa.

Mwaka 2036 itatimiza miaka 200. Habari za mbalamwezi na jibini tunazijua kwa sababu kanuni ziliandikwa na kutunzwa, hata ile ya aibu. Viongozi wa kwaya kongwe za Moshi, Bukoba na Maseno, yatafuteni madaftari ya waasisi wenu kabla mchwa hawajayamaliza.