Kujifunza kutibu meno mbele ya kugusa mgonjwa

Jino ni kitu kidogo, lakini kulitibu ni kazi ya hatari. Muganga anafanya kazi ndani ya kinywa chenye giza na mate, karibu na ulimi, mishipa na njia ya pumzi. Mkono ukiteleza kidogo tu, mgonjwa anaumia. Basi mwanafunzi ajifunzie wapi mbele ya kupewa mutu wa kweli?

Kichwa bandia

Jibu la zamani lilitoka Glasgow, Uskoti, ambako muganga wa meno Oswald Fergus alitengeneza kichwa bandia katika mwaka wa 1894. Ni kichwa chenye taya na meno ya kuchomeka na kuchomoa. Mwanafunzi anatoboa, anajaza, anakosea, kisha jino linabadilishwa na anaanza tena. Mpaka leo shule za meno zinakitumia.

Mashini yenye kudanganya mkono

Siku hizi kuna mashini za kompyuta. Moja inaitwa Simodont, iliyotengenezwa na kampuni ya Moog pamoja na shule ya meno ya Amsterdam, Uholanzi. Moog inajulikana pia kwa vyombo vya kufundishia marubani wa ndege.

Mwanafunzi anavaa miwani, anaona jino kama liko mbele yake. Anashika kalamu ya chuma, na mashini inasukuma mkono wake: ganda la nje la jino linakuwa gumu, sehemu iliyooza inakuwa laini. Akipita mpaka, kompyuta inaonyesha kosa palepale. Anaweza kurudilia zoezi mara nyingi bila kumaliza vifaa.

Lakini mashini haiogopi shindano, haitoki damu, haimezi mate. Kutuliza mtoto mwenye kulia ao kumueleza mama kwa nini jino ling'olewe, hayo yanajifunzwa mbele ya watu, na mwalimu akiwa kando.

Na kwetu kandokando ya ziwa?

Mpala, pale muto Lufuko unapoingia katika Ziwa Tanganyika, iko mbali na shule kubwa za meno. Mashini ya namna hiyo ni ya bei kali na inaomba umeme usiokatika. Hata hivyo kuna njia iliyozaliwa ng'ambo ya ziwa, inchini Tanzania.

Katika miaka ya 1980, kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, ilianzishwa njia ya kutibu jino lililooza kwa vyombo vya mkono tu. Muganga anakwangua uozo, kisha anaziba shimo kwa simiti ya meno. Hakuna umeme, hakuna mashini ya kutoboa, na mara nyingi shindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani (OMS) liliitambulisha kwa dunia katika mwaka wa 1994. Njia hiyo inajulikana kwa herufi tatu: ART.

Nayo pia inafundishwa kwanza nje ya kinywa. Meno yaliyong'olewa yanasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, yanasimikwa katika plasta, na mwanafunzi anajizoeza juu yao. Faida ni ileile ya mashini: kosa la kwanza linaangukia jino lisilo na mwenyewe.

Jambo la kukumbuka

Muganga mwenye mazoezi hasaidii mutu aliyechelewa. Uvimbe wenye kushuka shingoni ao kupanda jichoni, homa, kushindwa kufungua kinywa, kumeza ao kupumua: hizo ni alama za kukimbilia hospitali siku ileile, hata kama ni usiku. Kwa jino lenye kuuma tu, usingoje livimbe. Shimo dogo linazibwa; likikawia, jino linang'olewa.